Mnara Uliousikia Mawinguni

Ipagala, Dodoma
Machi 1996

Kaka Geofrey,

Huku hatujambo, zabibu zimeiva, Mama anakusalimu. Lakini barua yako nimeirudia mara tatu.

Unasema ulikuwa unarusha ndege yenye abiria ndani ya mawingu, ukasikia alama za mnara wa redio unaoongoza ndege kwenye uwanja wetu, ukazifuata mpaka ukaona mlima mbele yako ghafla, ukaukwepa kwa shida. Kaka, mnara ule haupo! Uling'olewa Januari, vyuma vikauzwa kama chuma chakavu.

Uliyemfuata ni Baba. Miaka yote alikuwa fundi wa mnara ule, na kimya cha mnara huo kimemshinda. Ametengeneza mtambo wake shambani Makutupora, mbali kabisa na uwanja, akatandaza waya juu ya mizabibu, na kila asubuhi anarusha alama zilezile. "Marubani wasipotee," anasema. Nami nilikuwa nacheka tu, Mungu wangu!

Sijamwambia. Akijua ni wewe uliyekaribia kufa kwa alama zake, hatapona. Jana nimeukata ule waya, nikaufukia. Anadhani ni wezi, na amenituma nikuombe umletee mwingine, mrefu zaidi, ili alama zake zikufikie hata ukiwa mbali.

Mdogo wako,
Evelina