Jina Lililomnyamazisha Lilian

Jumamosi, Manyatta, Kisumu. Msimu wa mvua, 1993.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na magoti yangu yaliijua kabla ya masikio. Nimevaa sweta mbili na soksi za marehemu baba, na bado baridi inapenya. Siku kama ya leo mimi ndiye huwashauri watu wakae ndani, wajifunike, wanywe maji mengi hata kama hawana kiu. Nimekaa ndani. Nimejifunika. Maji nimekunywa mpaka tumbo linacheza. Sioni nafuu yoyote.

Sina nguvu ya kujifanya jasiri leo, kwa hiyo haya nayaandika hapa daftarini, si kule ukutani.

Kwa kawaida Jumamosi ni siku ya ukurasa. Naitoa mashine yangu ya kupiga chapa, ileile ninayowaandikia watu barua za kuomba kazi nje ya posta, naweka kaboni, natoa nakala chache. Moja inabandikwa mlangoni kwa Baba Njeri, mwenye duka hapa jirani. Nyingine inakwenda kanisani, nyingine Bondo kwa mkono wa mama anayeuza mitumba, nyingine nyumbani kwetu Katito, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga anakofanya kazi ndugu yangu Okoth. Ninaandika juu ya ugonjwa wangu, na jina langu naliweka chini: siko seli, damu inayopinda ndani ya mishipa na kukwama, ukasikia mifupa inavunjwa nawe umelala tu. Naandika siku ya kliniki. Naandika duka gani la dawa linakubali kuuza vidonge kidogokidogo, na maneno gani umwambie nesi mapema kabla hajakupa dawa ya malaria na kukurudisha nyumbani.

Baba Njeri alihamia hapa kutoka Murang'a, na kwao hajawahi kuona mtu wa ugonjwa huu, lakini hunitania. "Mama, hiyo karatasi yako ndiyo inaniletea makastoma. Wanasimama kusoma mambo ya ugonjwa, halafu wanakumbuka sukari."

Leo hajapata karatasi. Amepita hapa dirishani, amenisalimu, na hakuuliza kitu. Nadhani ameshasikia.

Lilian amekufa.

Alikuwa binti wa Okoth na mkewe Rose. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kushikwa, na akikaa alikuwa akijipigia makofi kana kwamba amefanya jambo kubwa. Jumamosi iliyopita Rose alinitumia neno kwa mtu wa samaki: vidole vya mtoto vimevimba, analia mchana na usiku, na kwenye ukuta wa mashine amesoma kwamba hata mimi nilianza hivyohivyo. Waya njoo, alisema. Waya ni mimi, shangazi wa watoto wake. Sikungoja hata chai.

Nilikuta nyumba imejaa wanawake, na mama yangu katikati yao, mtoto magotini, anaita majina.

Kwetu, mtoto akilia bila kukoma, watu hawafikirii maumivu kwanza. Huenda kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Basi wakubwa hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, polepole, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Mimi mwenyewe jina langu la nyumbani lilipatikana hivyo. Ni la bibi mmoja ambaye, wanasema, alikuwa na domo kubwa, na wala sibishi. Kwa hiyo sikwenda Katito kuwacheka. Nilivua viatu nikaketi kama wengine.

Lakini mikono ya Lilian ilikuwa imevimba kama mandazi, na miguu vilevile. Alikuwa akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Nikaomba nimshike.

"Ngoja, Peres," Mama akasema bila kuniangalia. "Bado hatujafika."

Akaendelea. Akamtaja mama yake baba. Akamtaja mke mwenza wa bibi. Akamtaja shangazi yetu aliyezama ziwani. Mtoto alilia juu ya majina yote hayo. Mwishowe wazee wakamwishia Mama, akamkazia mtoto macho. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi, "Awino."

Awino alikuwa dada yangu mkubwa. Alikufa akijifungua. Alikuwa na maumivu ya mifupa kama yangu, ila wakati ule hakuna aliyeyajua, tulisema tu Awino ni mtu wa viungo. Tangu tulipomzika, Mama hakuwahi kulitamka jina lake. Hata kanisani, wakiombewa marehemu, alikuwa akiliruka.

Lilian akanyamaza.

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika mpaka sokoni. Mama alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Awino, umerudi kwenu. Umekawia, mama, umekawia." Rose alijifuta uso kwa kitenge. Na mimi, niseme ukweli, kwa muda wa pumzi moja hivi niliamini. Nilimkumbuka dada yangu mpaka nikainuka nimpokee.

Ndipo nilipomtazama mtoto vizuri.

Hakuwa amelala, wala hakuwa macho. Nilifungua kiganja chake nikakiweka kando ya changu. Kilikuwa cheupe, hakina damu. Nikainua mdomo wake, fizi nazo vilevile. Nikapapasa chini ya mbavu za kushoto, nikakuta wengu umevimba, mgumu, umejaa. Niliwahi kuandika juu ya jambo hilo kwenye ukurasa: damu inaweza kuingia yote kwenye wengu ikakaa humo, na mtoto akabaki hana ya kumwendesha. Mtoto wa namna hiyo halii. Hana nguvu ya kulia.

"Mama, huyu hajatulia," nikasema. "Huyu anaisha. Twende hospitali."

"Alipokuwa analia mlisema ni mgonjwa. Sasa amenyamaza, mnasema ni mgonjwa. Mnataka afanye nini?" Kisha akawageukia wanawake wengine. "Huyu binti yangu kila kitu kwake ni damu. Hata mbuzi akikohoa atasema ni damu."

Wakacheka. Siwalaumu. Furaha ilikuwa imejaa ile nyumba, na mimi ndiye niliyeingia na maneno ya msiba.

Rose hakucheka. Alimtoa mtoto magotini kwa Mama, akatoka nje kwenye matope bila viatu. Nikamfuata. Okoth aliitwa kutoka kwenye mashine, akaja na unga kichwani, na kwa bahati kulikuwa na pikapu ya barafu ya samaki iliyokuwa ikirudi mjini. Njia nzima niliweka vidole viwili kwenye kifua cha Lilian. Rose aliendelea kumwita Lilian, Lilian, hakumwita jina lile jingine hata mara moja.

Hospitalini daktari kijana alinisikiliza. Hilo angalau nimelipata kwa kuugua miaka yote hii, nikisema wengu wananiamini. Alisema mtoto anahitaji damu upesi. Damu ya kundi lake haikuwapo. Okoth akalala atolewe yake, unga bado uko kwenye nyusi. Wakaipeleka kupimwa kama inalingana, na tukiwa tunangoja Lilian akavuta pumzi moja ndefu, akaiachia, hakuvuta nyingine.

Baadaye nesi alikuja mbio na mfuko wa damu ya Okoth. Alituangalia, akageuka, akaurudisha.

Tulimzika Jumanne. Mama alisema maneno yake mbele ya watu wote, na hakusema kwa ukali, laiti angesema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi jambo lilivyokuwa. "Mtoto alikuwa amepona. Nyinyi nyote mliona. Aliitikia jina lake, akatulia. Peres akambeba Awino wangu, akampeleka akafie kwa watu."

Watu wakatikisa vichwa. Kwa macho yao ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alilia, akaitwa, akanyamaza. Mimi nikaja, nikamtoa ndani, akafa. Nitawaambia nini? Kwamba kimya kile kilikuwa ndicho kifo chenyewe kikianza? Hata mimi nikijisikiliza nikisema hivyo naona ni maneno ya kishetani.

Leo mchana Okoth alikuja hapa. Alikuwa ameloa chapachapa. Nikampa taulo na chai, akaishika chai bila kuinywa.

"Nimetoa karatasi yako kwa ukuta," akasema. "Watu wanasema ugonjwa unaingia kwa nyumba ya mwenye kusoma."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema nimechoka, Peres."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikupanga, nilikuwa nimejaa. Nikamwambia ugonjwa huu hauambukizwi na karatasi, wala hauletwi na marehemu. Mtoto huupata kwa wazazi wote wawili, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na wao wenyewe wanaweza wasiumwe hata siku moja. Nikamwambia yeye na Rose waende wakapimwe.

Akakiweka kikombe mezani.

"Kwa hivyo niende nimwambie Rose ni sisi." Hakuuliza, alisema tu. "Mama anasema Awino alimtaka mtoto. Ni vibaya, lakini Rose anaweza kulala na hiyo. Hii yako atalala nayo namna gani?"

Nikalichukua taulo nikalianika.

Niandike ukweli, maana haya hayasomwi na mtu ukutani. Kwenye ukurasa wangu nimeandika juu ya maji, sweta, vidonge, kliniki, vidole vya watoto, wengu. Hilo la baba na mama sijaliandika. Nawajua wanaume wa huku kwetu: ukiwaambia ni nusu kwa nusu, wao wanasikia ile nusu ya mke tu, na kesho yake mwanamke yuko njiani kurudi kwao na sanduku. Nilijiambia ninawalinda wanawake. Labda ni kweli. Lakini pia nilikuwa namkwepa Mama.

Mama si mjinga. Nikisema Lilian aliupata kwa Okoth na Rose, hatachukua hata dakika kurudi nyuma na kuuliza Awino aliupata kwa nani, na Peres kwa nani. Atajua kwamba Awino aliingia duniani nao, kutoka kwake na kwa baba. Amemlilia yule binti miaka yote hii. Nani atampelekea habari hiyo mlangoni? Mimi, ambaye tayari anasema nimemuua Awino aliporudi mara ya pili?

Nina hasira naye. Nampenda. Nimemkasirikia wiki nzima, na bado kila nikipika nakumbuka kwamba huenda hajala.

Okoth alipoondoka alisimama mlangoni akiiangalia mvua. Nilidhani anangoja ipungue.

"Rose ana mimba," akasema. "Bado changa. Mama ameshajua. Ameshaanza kuiita Awino."

Akaingia mvuani.

Nimekaa hapa tangu wakati huo na chai yake imepoa mezani. Ninaogopa. Ninaogopa sana. Huyo mtoto huenda akawa mzima kabisa, huenda asiwe, na hakuna atakayejua kwa kumwangalia tumboni. Na akizaliwa, akavimba vidole, akalia, watamkalisha magotini na jina likiwa tayari. Safari hii hawatahitaji hata kutafuta.

Kesho, mvua inyeshe isinyeshe, naenda Katito. Nitawakalisha Okoth na Rose, na Mama awepo, na nitasema yote. Nitaanza na upande wetu, nitaanza na baba, na Mama, na Awino, na mimi, ili Rose asije akabaki peke yake na lawama. Pengine Mama atanifukuza. Pengine hata Rose atanichukia, na ana haki. Wakinifukuza nitarudi Jumapili nyingine, na nyingine. Mimba haisubiri watu wamalize hasira.