Hapa Sipigi Chuku

Singapuri

Kwa baba yangu, Mzee Mwinyikondo, muumishi wa Bagamoyo.

Shikamoo baba. Natumai goti limetulia, na mama bado anagombana na kuku. Wabaadu, mimi ni mzima, na safari hii neno hilo nalisema kifua mbele.

Ulisikia kwamba meli iliniacha huku. Bega la kulia liligoma, nikawa siwezi kuinua beleshi, na mtia makaa asiye na mkono nani atamtaka? Daktari wa hospitali alinipima vizuri, Mungu amlipe. Akasema mfupa mzima, dawa amenipa zote, zaidi ya hapo hajui. Nililia, baba. Nilijiona narudi nyumbani kuja kulishwa.

Mwenye nyumba wangu, Salim, Mwarabu aliyekulia Unguja, akanipeleka kwa tabibu wa Kichina. Mzee akanibonyezabonyeza, kisha akatoa vikombe vya mianzi. Salim akasema, "Vua shati, atakupiga chuku."

Chuku! Mimi mtoto wa muumishi, niliyekua nikikuona ukichanja watu na kuwafyonza damu kwa pembe! Nikalala kifudifudi, nikasoma Bismillahi, nikauma kitambaa nikingoja wembe. Wembe haukuja. Alipitisha moto ndani ya kikombe, akakibandika, nyama ikavutwa juu. Nikapiga kelele, "Salim, mwambie amesahau kuchanja!" Mchina alicheka mpaka akakaa chini.

Nikawa naenda kila mara, na dawa ya mizizi nakunywa, chungu ajabu. Polepole bega likafunguka. Wala mzee hajidai. Mwenye homa kali humpeleka hospitali mwenyewe. Sasa nimepata meli nyingine.

Jana nilikwenda na Salim kumuaga. Akauliza kwetu watu huumikwa vipi. Nikamweleza pembe, nta ya kuzibia tundu, na unavyovuta pumzi kwa mdomo. Akafungua kasha, akatoa pembe ya ng'ombe iliyotobolewa, ya babu yake. Kumbe na wao walianza na pembe! Akavua shati, akalala, nimwonyeshe. Baba, mkono huuhuu ulimuumika tabibu wa Kichina! Wembe nilimsamehe.

Nisalimie mama, dada yangu wa Kiwangwa, na shemeji yule asiyeniamini. Mwambie nilipigwa chuku, lakini hapa sipigi chuku hata kidogo.

Mzee alipoinuka aliniuliza mwalimu wangu nani. Nikamtajia jina lako. Akalikosea, nikarudia, akalikosea tena. Sikumwacha, baba, mpaka alipolitamka sawasawa.

Mimi mwanao,
Shomari