Nyama Niliyochinja Garsen

Garsen, kando ya Mto Tana

Kwako baba yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimepoa, na mama anaukanyagia vizuri ule mguu wake. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Tangu mwaka wa kutawazwa Malkia sijalala hapo nyumbani Msambweni. Mvua za huku zimeila barabara tuliyoijenga, kwa hiyo tunaijenga tena.

Baba, nakuandikia kabla dereva wa lori, yule mtoto wa jirani yetu, hajafika huko na maneno. Atasema Bakari amekufuru. Nataka usikie kwangu kwanza.

Unajua hapa kambini mimi ndiye mchinjaji. Waorma, wafugaji wa huku, wakituletea dume la ng'ombe, naitwa mimi, maana wote waliona nachinja kama ulivyonifundisha: mnyama aelekee kibla, na kisu asikione. Heshima hiyo ilinisahaulisha kwamba huku sina ndugu.

Basi alikuja Mzungu wa kutazama nyani wa msitu wa mtoni, nikatolewa barabarani nikambebee mizigo. Siku moja tulijibanza, tukamwona nyani jike amempakata mwanawe, anamtoa miiba kiganjani, kidole kwa kidole. Mzungu akaninong'oneza, "Wewe na yeye, zamani sana, babu moja." Nilicheka. Lakini kile kiganja, baba, kilikuwa na mistari kama changu.

Niliporudi nikawasimulia wenzangu tukiwa tunakula. Musa, Mpokomo wa kanisani, akaruka: "Babu yako wewe! Wangu aliumbwa kwa udongo." Mzee Guyo, Muorma anayetuuzia ng'ombe, akasema, "Mimi ng'ombe wangu namjua mama yake, na mama ya mama yake. Sijaona hata mmoja amezaliwa na swala." Mpishi naye akasema basi nyani wakiingia shamba la mahindi wasifukuzwe, wamekuja kuchukua urithi. Watu wakacheka mpaka machozi. Sikuwahi kuwaona watu wa msikiti na watu wa kanisa wakiwa upande mmoja namna ile.

Nyapara wetu, Abdi, hakucheka. Yeye ndiye anayetuswalisha.

"Bakari, mwache Mzungu. Wewe unasemaje?"

Ningeweza kujibu kama wao, niendelee kula. Lakini kile kiganja nilikuwa nimekiona. Nikasema, "Mungu ndiye aliyeumba. Aliumba vipi, sijui."

"Hujui?"

"Sijui, nyapara."

Akaisukuma sahani yake. Nyama ile nilikuwa nimeichinja mimi asubuhi. Mmoja baada ya mwingine wakasukuma sahani zao, hata Musa.

"Nawe Musa, umesilimu lini?" nikamtania.

Akainuka, akaenda kunawa mikono. Nyama yote ikatupwa mtoni, ikaliwa na mamba.

Sasa anachinja Mzee Guyo. Mimi nakula kambare, kwa kuwa samaki hana mchinjaji, na nakula peke yangu nyuma ya stoo ya majembe. Hawanitukani. Wananisalimia, naitikia, basi. Jioni nawasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta, na nikitokea wananyamaza. Kazi ngumu naiweza, baba, lakini kunyamaziwa kunanimaliza.

Abdi ameniambia Ijumaa nisimame mbele ya watu niseme najua Mungu aliumba vipi, na kwamba nilikosea, nirudishiwe kisu. Si mtu mbaya, anaiogopea roho yangu. Lakini swala sijaacha hata moja, na Mungu sijamkana. Nikisema najua nisilolijua, nitakuwa nimesema uongo ndani ya msikiti ili nipate watu wa kula nao. Sitasimama.

Msalimie mama, na mjomba Hamisi aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani, na dada yangu mkubwa Mwanajuma na wanawe. Mke wangu Mwanasha mwambie asiwajibu watakaomcheka kisimani.

Nimeomba ruhusa, mvua zikikatika nitakuja. Nitachinja jogoo hapo uani kwako, nitamlaza kama ulivyonionyesha, nitamtaja Mungu kwa sauti usikie. Niandikie wewe mwenyewe, usimwachie mtu mwingine, uniambie kweli: utamla?

Ni mimi mwanao,
Bakari