Usukani wa Treni Yetu

Yaya Deo, kaka yangu mukubwa,

Kamio ya Papa, lori la baba yetu, ilirudi jana kutoka Bukavu na barua yako. Niliisoma, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, pembeni ya reli yetu ya kuchezea, na chakula sikukigusa.

Unakumbuka tulivyoipanga? Ulichora njia juu ya ubao kwa kipande cha makala, kaa la jikoni: kuanzia ziwani, kupanda mpaka Munigi, mahali ambapo treni haijafika hata siku moja. Ziwa nililitengeneza mimi, kwa karatasi ya buluu ya sukari. Tulipondaponda mawe meusi ya volkano mpaka yakawa madogo kama mtama, tukayamwaga chini ya reli za waya. Mabehewa yalikuwa mikebe ya sardini. Tulinuka samaki, Mama akatufukuza jikoni.

Halafu kabini. Kitabu cha shule kilionyesha treni kwa nje tu, basi ndani tukatia kile tulichokijua kwenye kamio: usukani. Niling'oa kifungo cha koti la Papa, nikakibandika kwa utomvu. Ukasema, "Mudogo wangu, sasa inaweza kukata kona." Nilikuamini. Papa anavaa lile koti wazi mpaka leo.

Sasa huko Albertville unajifunza kazi kwenye treni za kweli, na una rafiki, Leoni. Leoni anajua hiki, Leoni amechonga kile. Umemwambia habari ya usukani na mulicheka mpaka machozi, maana treni inafuata reli yake, haipindishwi na mutu. Noeli mutakuja pamoja, muibomoe, muijenge upya "vizuri".

Yaya, nina wivu. Masista walitufundisha neno hilo kwa Kifaransa, nikalisema bila shida. Kwa Kiswahili ninaweza kuliandika tu. Mbele yako nisingelitamka, unanijua, ningeangalia miguu yangu tu. Kuchekwa hakuniumi. Kinachoniuma ni kwamba kosa lile lilikuwa letu wawili, na umeenda kulicheka na yeye kwanza.

Asubuhi hii nilichukua kisu ili niung'oe usukani. Nikaishia kuupangusa vumbi. Kisha nikafinyanga watu wawili wa udongo, wewe kwenye usukani, mimi pembeni yako, na kabini ikajaa.

Leoni aje, nitampikia. Ila umwambie mapema kwamba atapanda nyuma, kwenye mikebe, na harufu ya sardini haijaisha.

Ni mimi, mudogo wako uliyemwachia reli