Paa la Mama Awino

Karibu na Macalder, Migori
Masika ya 1996

Dadangu mpenzi Mwanasha,

Pokea salamu zote ambazo mdogo wako hakukuletea tangu Ramadhani, na zikikukuta umenuna, nuna tu, haki ni yako. Magoti ya Mama yanasemaje na mvua hizi? Na wewe, kile kikohozi kimekuachilia? Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki nitakueleza, lakini yasome peke yako kwanza kabla hujamsomea Mama, maana mengine si ya kumsomea.

Kila barua yako yauliza swali lile lile: riwaya imefika wapi? Dada, nimeshindwa. Sitaimaliza. Nakwambia mapema ili usisome barua hii yote ukitafuta habari njema ambayo haimo.

Wajua nilivyoianza. Ni wewe uliyenifunza, ukiwa bado mwalimu hapo Msambweni, kwamba mwandishi huijua dhamira yake kwanza, kisha ndipo atafute watu wa kuibeba. Nami hapa shuleni ndiyo kazi yangu. Nawauliza wanafunzi wa kidato cha nne dhamira ya mwandishi ni nini, wananijibu kuwa mwandishi alitaka kutufunza hili na lile, nami nawapa alama. Basi nikachagua yangu, subira huvuta heri, nikaiandika kwa wino mwekundu na kuibandika ukutani juu ya meza. Mtu wa kuibeba hakuwa mbali.

Nimewahi kukutajia Mama Awino, mjane aniuziaye maziwa. Boma lake limepakana na nyumba za walimu, na paa lake la nyasi naliona nikiwa nimekaa mezani. Lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha alitandaza masufuria mpaka kitandani, na asubuhi akaja na maziwa yake akicheka, “Ticha, leo nimeoga nikiwa nimelala.” Mumewe alikufa zamani kidogo, na binti yake, Awino mwenyewe, ameolewa mbali. Shemeji zake walitaka mmoja wao amrithi kama ilivyo desturi ya hapa, yeye akakataa kwa sababu ya imani yake. Tangu hapo hakuna aliyemwekea hata unyasi mmoja.

Nilidhani ni chuki tu. Sikuuliza. Ya nini kuuliza? Sababu nilikwisha kuiandika katika sura ya tano: roho mbaya za walimwengu.

Katika riwaya nilimwita Zuhura, nikamhamishia kwetu pwani na paa lake linalovuja. Akangoja sura baada ya sura. Nikafika mahali ambapo subira imezidi na heri haionekani hata njiani, na mimi ile karatasi ya ukutani yanitazama. Nikamletea mgeni mwema. Mgeni akaezeka paa, Zuhura akalia kwa furaha, nikafunga sura. Nilijiona fundi kweli kweli, Dada. Nilifurahi mpaka nikaona, kama naweza kumpa Zuhura, kwa nini nisimpe na Mama Awino?

Nikangoja siku ya Sabato, siku ambayo yeye hushinda kanisani akiimba kwaya. Nikanunua mizigo ya nyasi, nikapanda kuziezeka juu ya zile kuukuu. Si unajua mie na makuti tangu udogoni? Mkono haukusahau. Watu wakakusanyika nje ya ua, kimya, nami nikadhani wanastaajabia ufundi wa mtu wa pwani. Bibi mmoja jirani akasogea, akaniuliza, “Ticha, mwenye nyumba anajua?” Nikamjibu kwa kujishaua kuwa nataka nimshtue. Akajiziba mdomo kwa khanga akaenda zake.

Mama Awino alirudi jua likiwa limeanza kuinama. Akaliona paa, akaniona mimi juu yake, akaketi palepale njiani na Biblia yake mapajani. Nilingoja alie kwa furaha. Wallahi nilingoja.

“Yawa, Ticha,” akasema. “Nani amekutuma?”

“Hakuna. Nimeona unateseka.”

“Hapa kwetu mwanaume akiweka nyasi kwa nyumba ya mjane, huyo ndiye amemrithi. Ndiyo jater wake. Mimi nimelala kwa maji miaka hii yote ndiyo nisiwe na jater. Sasa umenipatia.”

Nilishuka. Na usifikiri walimwengu wangu wenye roho mbaya walikuja na rungu. Shemeji yake mkubwa alikuja kutoka machimbo ya dhahabu akinichekea, akanishika mkono. “Karibu, omera, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nabeba hii mzigo, sasa ni yako. Utampeleka kwenu lini? Maana hiyo shamba tunataka kulima.” Nikaapa kuwa sikuwa na nia hiyo. Akasema, “Nia ni ya Mungu. Sisi tunaona nyasi.”

Nikaenda kwa wazee wa kanisani kwake. Walinipa kiti, walinipa chai, wakanisikiliza mpaka mwisho. Mmoja akaniambia, “Sisi tunakuamini, Ticha. Lakini watu wameona. Huyo mama akisimama kuimba, watu watakuwa wanaangalia nani?” Wakamwomba apumzike kuimba kwa muda. Muda gani, hawakusema. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji amekosa kanisa na shamba kwa nyasi za siku moja. Naona aibu, Dada, aibu ya kushindwa kupita njia ya mbele ya nyumba yake.

Nilirudi mezani kuisahihisha riwaya. Nikaibandua ile karatasi, nikaweka dhamira nyingine, kwamba wema usio na maarifa huua. Nikaandika wiki nzima. Zuhura akaanza tena kubeba, kama punda aliyebadilishiwa mzigo. Kila anachosema ni mimi ninayesema. Nimemnyima hata jirani wa kumuuliza mgeni kama mwenye nyumba anajua. Nikajaribu kumwandika bila dhamira yoyote, nikakuta kwamba simjui. Sijui anapenda nini, anamwogopa nani. Kurasa zote zile, Dada, na ndani hamna mtu.

Juzi Mama Awino alikuja mlangoni bila maziwa. Ng’ombe wamekwisha kuchukuliwa na shemeji zake. Akasema anakwenda kwa kaka yake huko Oyugis, na kaka huyo amemwambia wazi kuwa ni mpaka mavuno tu, maana mwanamke aliyeolewa hana mahali pa kuzikwa kwao. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

“Ticha, panda utoe hizo nyasi zako.”

“Nikizitoa, watakurudishia shamba?”

“Hapana. Hiyo imeisha.”

“Sasa kuzitoa ya nini, na mvua hii?”

“Nataka nikienda, niache nyumba yangu. Hiyo juu sasa ni yako.”

Nikapanda. Watu wakaja tena kutazama. Nilizing’oa nyasi fungu kwa fungu, naye chini akizipokea na kuzipanga vizuri kando, kama anayenisaidia kazi. Tulipofika kwenye nyasi kuukuu zilizooza akasema, “Basi. Hizo ni za mume wangu.” Akafunga mlango kwa kufuli, akajitwika mzigo wake, akaenda. Mvua ilianza kabla hajafika barabarani. Nilisimama dirishani nikaisikiliza ikiingia ndani ya nyumba ile, wala hapakuwa na sufuria hata moja la kuikinga.

Mwalimu mkuu amenishauri niombe uhamisho, na nitaomba. Sijui wataniweka wapi, wala sijali sana.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na mjomba Mwinyi aliyenifunza kusuka makuti, ila usimweleze kitu. Wanao wabusu. Na tafadhali, Dadangu, katika jibu lako niulize chochote, niulize hata lini nitaoa, lakini la riwaya usiniulize tena.

Ni mimi nduguyo, wa tumbo moja nawe,
Bakari