Kompyuta Niliyobadilisha kwa Beseni

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kaleta kompyuta kuukuu za zahanati anakofanya kazi. Nne! Chumba kimekuwa stoo. Zahanati imehamia jengo dogo, pa kuziweka hakuna, naye kajitolea — roho ya baba yake hiyo, haijui kukataa. Daktari kasema zikae hapa hadi Alhamisi, waje watu wa kuziponda mbele yake. Kuziponda! Vitu vizima hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Mnunua vyuma kapita na mkokoteni. Beseni langu lilishapasuka. Nikamtolea kompyuta moja, ile iliyobonyea ubavu, nikamwambia hii imekufa. Kanipa beseni la bluu, kubwa, na kikombe juu! Zitapondwa hata hivyo — nani atalilia maiti?

Jioni. Kumbe wa kulia yupo. Mwanangu kahesabu kompyuta, kakuta tatu, kakaa chini pu. Eti ndani mna diski, majina ya wagonjwa yote yamo, na maradhi yao. Nikasema lakini haiwaki! Kasema isiwake, diski yenyewe nzima, mtu akiichomeka kwingine anasoma. Mtaa mzima tunatibiwa pale! Kazi yake itakwenda, na sababu ni mimi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumatano, 5 Machi
Alfajiri kwa mnunua vyuma. Boksi la kompyuta lipo, tumbo wazi. Diski kampa fundi simu. Mbio kwa fundi! Tumemkuta anacheka: "Shikamoo mama, leo umeniletea mambo." Kashaichomeka, eti aone kama nzima. Mwanangu kaichomoa hapo hapo. Fundi hakubisha. Ila wakati tunatoka akaninong'oneza, "Mpe pole jirani yenu wa mlango wa pili. Sikujua anaumwa vile."

Naishi naye ukuta kwa ukuta. Hata mimi sikujua.

Njiani nikampasha mwanangu maneno ya fundi, kisha nikamwambia, diski tunayo, tuirudishe tu ndani ya boksi, nani atajua? Akasema, "Fundi anajua, mama. Na wewe sasa unajua."

Anavaa viatu aende kwa daktari. Nimemwambia angoje, twende wote, mwenye kosa ni mimi. Na mlangoni hodi — jirani huyo, sauti yake, anataka kuazima pasi. Mwanangu ananitazama. Hodi tena. Pasi ninayo mkononi, ila uso wa kumfungulia sina —