Nani Alikufundisha Baiskeli

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini kidonda cha mkono ulichopata kwenye lile bomba kimepona, na kwamba wifi na watoto wanaamka salama. Sisi huku tunapumua. Magoti yanamsumbua Mama kila mvua inapokaribia, ila ulimi wake ni mzima, anagombana hata na redio. Baba anauliza kila siku kama umepiga simu. Namwambia una kazi nyingi.

Ningekupigia, lakini simu yako siku hizi ina mtindo wa kukatika kila nikitaja mambo ya kazini. Barua haikatiki. Isome mpaka mwisho, tena ukiwa umekaa. Ni habari ya kazi yangu, na ya mwenzangu aliyefukuzwa kwa kosa lililofanywa kwa jina langu.

Kazi yenyewe unaijua. Kampuni inauza pampu za maji, na sisi tunaopokea oda tumetawanyika, kila mtu na kompyuta yake nyumbani kwake. Meza yangu ni ile ya kwenye kona ya sebule, kati ya friji na dirisha. Ulipokuja kututembelea ulivuta stuli ukakaa ubavuni kwangu mchana kutwa, ukinicheka kwamba hii si kazi, ni kubonyeza tu. Ukaniuliza kama nikibonyeza pale mzigo unatoka ghalani kweli. Nikakuonyesha kwa majivuno, hatua kwa hatua. Nilifurahi kwamba fundi pampu mzima kama wewe ana la kujifunza kwangu.

Zamani kwenye timu yetu tuliazimana maneno ya siri kama majirani wanavyoazimana chumvi. Umeme ukikatika kwako, unamtumia mwenzako neno lako kwa simu, anakumalizia oda. Mimi niliyemzoea zaidi ni Mama Pacha. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, lakini nilizijua sauti za wanawe wawili wakigombana nyuma yake kwenye mikutano, naye alikuwa wa kwanza kuniuliza hali ya Mama akisikia kikohozi. Baadaye bosi alipiga marufuku. Tukaletewa mtaalamu wa kompyuta, akatuambia kila mtu awe na neno lake, refu, asimpe hata anayelala naye kitanda kimoja. Tena kila mtu achague swali la siri la kumfungulia siku akisahau, na jibu lake lisiwe kwenye picha wala midomoni mwa watu. Nilifikiri sana. Nikachagua swali la nani alinifundisha kuendesha baiskeli, nikijua hakuna wa kulipata jibu.

Asubuhi moja neno langu likakataa. Nikaandika tena, likakataa. Nikaona nimesahau, maana tunalazimishwa kuyabadilisha mara kwa mara mpaka kichwa kinachoka. Bosi ana tabia ya kuwasimanga wanaosahau mbele ya wote, kwa hiyo nikatengeneza jingine kimyakimya, nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu.

Haukupita muda ghala likauliza. Shehena ya pampu ilikuwa imetolewa kwa mteja asiyepatikana, na oda imeidhinishwa kwa jina langu. Niliapa si mimi. Bosi akaniuliza ni nani mwingine aliyewahi kuwa na neno langu la siri. Nikamtaja Mama Pacha. Kaka, hata sikusita. Bosi akasema mkutanoni, wote tukisikia, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nami nikatikisa kichwa kukubali. Mama Pacha alijitetea kwamba lile neno la zamani alilifuta siku ileile, na kwamba tangu marufuku hajaniomba jingine. Ilikuwa kweli tupu, na niliijua. Wakamfungia sauti akiwa bado anaongea, wakamtoa mkutanoni, kazi yake ikaishia hapo. Analea wale watoto peke yake.

Aliyeniumbua ni yule mtaalamu. Baada ya kukagua mitambo alinipigia, akasema hakuna mtu aliyelitumia neno langu la siri. Mtu alilibadilisha, akiwa kwenye kompyuta ngeni, kwa kulijibu lile swali. Tena alipatia mara ya kwanza. Nikamwambia haiwezekani. Akasema huenda mtu huyo aliwadadisi wazazi wangu. Nikamwambia wazazi wangemjibu ni Baba, maana hiyo ndiyo hadithi ya nyumba nzima. Akaniuliza basi ni nani anayejua jibu la kweli. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikakata simu.

Unaikumbuka baiskeli ya jirani, ile isiyo na breki, tuliyoichukua bila ruhusa? Ulikimbia nyuma yangu umeshika kiti, ukaniambia nikanyage tu, breki ni wewe. Tangu siku ile, tukiwa wawili tu, nikakuita Breki. Baba alipotokea nilikuwa tayari naendesha peke yangu. Akadaka usukani, akanizungusha kidogo, na mpaka leo anamwambia kila mgeni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Ulinifinya ninyamaze tusije tukachapwa. Nikanyamaza.

Ili nisikusingizie kama nilivyomsingizia Mama Pacha, nilipanda gari nikaja karakanani kwako. Ulikuwa umetoka. Pampu zilikuwa chini ya turubai, stika za kampuni zimekwanguliwa kwa kisu.

Kinachoniuma si pampu. Ulikaa mbele ya kompyuta, ukaulizwa nani alinifundisha, ukaandika jina nililokupa mimi. Ulijua jibu ni wewe, na bado uliendelea kubonyeza. Kama ulikuwa na shida, ulishindwaje kuniambia?

Sasa nami nikuambie nililofanya. Mama angesema damu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo sikumuuliza. Niliomba mkutano uitishwe, na Mama Pacha aitwe. Nikakutaja mbele ya wote, jina lako na mtaa ilipo karakana. Watakuja. Siandiki ili ukimbie, naandika usije ukasikia kwa mwingine kwamba ni mimi.

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Bosi akamwomba arudi kazini, akasema hapana, asante. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ningemuuliza yeye kwanza kabla ya kumtaja ningepungukiwa na nini. Kamera yake ikazimika, safari hii kaizima mwenyewe.

Mimi nimebakizwa, kwa onyo. Swali la siri nimelibadilisha, usijisumbue.

Nisalimie wifi, maana yeye hana kosa, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu sana, anataka kuwaona wajukuu. Baba naye anakusalimu. Jana alipata mgeni, akaianza tena hadithi yake ya baiskeli, na kama kawaida akanigeukia nithibitishe. Siku zote huwa natabasamu tu. Jana nilimjibu. Nilimwambia ndiyo, Baba, ni wewe uliyenifundisha.

Mimi, mdogo wako,
niliyekuwa nikikuita Breki.